Kiangazi hiki nenda hifadhini, ulipe, uingie kwa lango

Wakulima vijana wa Karagwe na Kyerwa, najua mpo kwenye kuchuma kahawa, wengine mnapiga maharage, wengine mnahangaika na nyasi za matandazo kabla jua halijakausha migomba. Leo sitaongelea mbolea wala mnyauko wa migomba. Nataka tuongee habari ya kupumzika, na mahali pa kupumzikia.

Hoja yangu ni fupi. Kiangazi hiki kila kijana anayelima kibiashara atenge siku moja, alipe kiingilio chake, aingie kwenye hifadhi ya taifa kwa kupitia lango, atembee, aangalie, arudi nyumbani. Najua kuna watakaocheka. "Bwana shamba naye ameishiwa mada." Hapana, sijaishiwa. Sababu zangu ni za kilimo na za biashara, na nitazitaja moja moja.

Kila mkulima duniani ana msimu wa kuvuta pumzi

Wenzetu wa nchi za kaskazini wana miezi ambayo ardhi inafunikwa na theluji. Huwezi kulima, huwezi kupanda. Unafikiri wanakaa ndani wakisubiri jua? Hapana. Wanavaa makoti mazito, wanachukua watoto, wanakwenda kwenye misitu na hifadhi za serikali yao. Wengine wanateleza juu ya theluji, wengine wanatembea tu, wengine wanatoboa barafu ziwani wanavua samaki. Kule Norway kuna hata sheria, ya mwaka 1957, inayompa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi ya porini isiyolimwa. Kwao msitu ni mali ya kila mtu, na mtu wa kawaida anaujua kwa miguu yake.

Sisi theluji hatuna. Tuna kiangazi, ekyanda, kuanzia Juni mpaka Agosti, na ndani yake kipupwe, ile baridi ya asubuhi inayokufanya uchelewe kutoka kitandani. Mvua zimekata. Barabara za vumbi zinapitika. Nyasi zimekauka na kulala, kwa hiyo mnyama unamwona kwa mbali. Vijito vidogo vinakauka, wanyama wanasogea kwenye mito na maziwa. Kwa mtu anayetaka kuona pori, hakuna miezi mizuri kuliko hii.

Na kwa mkulima wa kahawa kuna nafasi. Robusta haiivi siku moja. Unachuma zilizoiva, unaacha mbichi, unarudi baada ya wiki mbili hivi. Katikati ya mchumo mmoja na mwingine, ukiwa na mtu mwaminifu wa kugeuza kahawa kwenye mikeka na kuilinda, siku moja inapatikana. Usiniambie haipatikani. Siku ya kukaa Nkwenda au Omurushaka kuanzia asubuhi mpaka usiku ukiangalia mpira huwa inapatikana.

Tunazo tatu, na tunaishi kama hatunazo

Mwaka 2019 serikali ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya mkoa wetu kuwa hifadhi za taifa. Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 4,700. Pori la Ibanda likawa Ibanda-Kyerwa, karibu kilomita za mraba 300, huko juu upande wa Murongo, ambako Mto Kagera unatutenganisha na Rwanda na Uganda. Pori la Rumanyika likawa Rumanyika-Karagwe, karibu kilomita za mraba 250.

Kwa mtu wa Rubwera, hizi ni jirani. Kuna watu wanasafiri kwa ndege kutoka Ulaya kutafuta mto wenye viboko na mamba, na wewe unalala karibu nao bila kuwahi kuuona ukiwa umetulia.

Hata jina la Rumanyika ni historia yetu. Ni jina la mfalme wa Karagwe aliyewapokea Speke na Grant mwishoni mwa mwaka 1861. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akabaki kwa mfalme miezi kadhaa wakati mwenzake anaendelea na safari. Mwaka 1876 akaja Stanley, akaenda mpaka kwenye chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ile ambayo wazee wetu wanaenda kuoga mpaka leo wakitafuta nafuu ya maumivu. Wageni walitembea miezi kuja kuona nchi hii, wakarudi kwao wakaandika vitabu. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua hifadhi kwa vitu viwili tu: askari na faini.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kijana anayeingia hifadhini kwa kujificha, kutafuta kuni, nyasi, asali au kitoweo, anaijua hifadhi kama mahali pa kukimbizwa. Mahali pa kukimbizwa hapapendwi, na kisichopendwa hakilindwi. Kikiungua, watu wanakaa mlimani wanaangalia moshi.

Sababu ya kwanza: msitu ni shamba darasa la bure

Kahawa ya robusta asili yake ni mti wa msituni. Wazee wetu waliijua kabla ya mkoloni, wakichemsha na kukausha punje zake kwa ajili ya kutafuna na kumkaribisha mgeni. Mti huo ulizoea kivuli, majani yaliyooza chini, na unyevu usiokauka hata kiangazi.

Sasa fanya hivi. Ukifika kwenye sehemu yenye miti mikubwa, simama. Muombe askari anayewaongoza akuruhusu kuinama na kusogeza majani kidogo kwa kidole. Angalia rangi ya udongo. Ushike. Katikati ya kiangazi, chini ya majani yale, utaukuta udongo bado una ubaridi. Hakuna aliyemwagilia. Kisha ukirudi nyumbani, nenda kwenye ile sehemu ya shamba lako isiyo na matandazo, ushike udongo wa pale. Huo ndio mafunzo ninayowapa kila mwaka kwenye vikundi, ila msitu unayatoa vizuri kuliko mimi.

Angalia na kivuli pia. Utaona mti mrefu, chini yake mti wa kati, chini yake kichaka, chini yake majani. Kibanja cha babu yako kilikuwa hivyohivyo: mitoma na mihumula juu, migomba katikati, kahawa chini, maharage na magimbi pembeni. Sisi kizazi cha biashara tukaingia na fikra ya shamba jeupe, safi, kila mti nje. Halafu kiangazi kikiwa kirefu kahawa inanyauka tunauliza tatizo ni nini.

Anayetaka kuona msitu wenyewe hasa, akipata nafasi aende mpaka Minziro, wilaya ya Missenyi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ule ni msitu wa bondeni unaofanana na misitu ya Kongo, na una aina za ndege ambazo huzipati kwingine Tanzania. Ukitoka mle huwezi tena kuuita mti wa kivuli "takataka ya shambani".

Sababu ya pili: moto

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kila kiangazi vilima vyetu vinawaka. Mtu anasafisha shamba, upepo wa mchana unamshinda. Mwingine anafukuza nyuki. Mwingine anachoma rweya ili nyasi changa ziote ng'ombe wapate kula. Moto haujui mpaka wa kijiji wala kigingi cha hifadhi. Unaanzia kwa mtu mmoja, unamaliza kilima kizima.

Hebu piga hesabu kama mfanyabiashara. Nyasi za rweya ndizo matandazo ya migomba na kahawa. Kilima kikiungua Julai, Agosti unanunua nyasi kutoka mbali na kulipa pikipiki ya kuzibeba. Mwingine hanunui kabisa, na migomba yake inatoa mikungu midogo. Mvua za vuli zinapoanza Septemba, kilima kilichoungua hakina cha kuzuia maji. Udongo wa juu unateremka mpaka bondeni na mbolea yako ndani yake. Umechoma mali yako mwenyewe kwa kiberiti cha shilingi mia.

Mtu aliyekaa hifadhini siku nzima, akaona swala na mtoto wake kwenye nyasi, akaona mti wa miaka mingi umesimama, huyo akiona moshi hatakaa mlimani kuangalia. Atapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji, atachukua tawi bichi aende kuzima. Sheria na faini zina kazi yake, lakini hazijawahi kuzima moto usiku. Wanaozima moto ni watu wenye kitu cha kupoteza.

Sababu ya tatu: soko

Vijana mnaniuliza kila siku: bwana shamba, soko liko wapi? Mgeni wa hifadhi anakula. Askari wa hifadhi wanakula. Wajenzi wa barabara na nyumba za wageni wanakula. Wanahitaji ndizi, mboga, mayai, maziwa, asali, matunda, na kahawa iliyokaangwa na kufungwa vizuri. Sasa, utamuuzia vipi mtu ambaye hujui anakaa wapi, anakuja mwezi gani, anapenda nini?

Tazameni ng'ambo ya mto. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda iliumia sana miaka ya 1990. Mwaka 1997 ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake ili watu waliorudi nchini wapate ardhi. Kuanzia 2010 wakaisimamia upya, wakaweka uzio, simba wakarudishwa 2015 na faru 2017. Leo wageni wanajaa, na Wanyarwanda wenyewe ni sehemu kubwa ya wageni hao. Sehemu ya mapato ya hifadhi za Rwanda, asilimia 10, inatengwa kwa ajili ya wananchi wanaozizunguka. Ile ni ardhi kama yetu, mto ni uleule.

Sisi pia mapori yetu yaliumia. Mwaka 1994 wakimbizi walipofurika Ngara na Karagwe, kuni na kitoweo vilitoka humohumo, na wanyama wa Burigi na Kimisi walipungua sana. Hifadhi hizi bado zinapona. Kijana anayejenga uhusiano nazo sasa, zikiwa bado changa, ndiye atakayekuwa na jina pale wageni watakapoongezeka. Ukisubiri mpaka hoteli ijengwe, utakuta mikataba ya kupeleka chakula ameshaipata mtu wa Mwanza.

Kwa wanaopinga

Nasikia hoja tatu, na zote ni za kweli kwa kiasi fulani. Sitazipuuza.

Ya kwanza: "Hao wanyama wanakula mazao yetu, halafu tuwalipe kuwaona?" Ni kweli. Nguruwe pori na nyani wanaweza kumaliza nusu ekari ya mahindi kwa usiku mmoja na mchana wake. Na kinachotolewa na serikali kwa mujibu wa kanuni za 2011, kile kinachoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa, jina lake lenyewe linakuambia kwamba si fidia kamili. Nakubaliana na mkulima anayelalamika. Ila naona kwamba mkulima anayefahamika langoni, anayejua jina la askari wa zamu na aliyewahi kukaa naye chini, anapigiwa simu na kusikilizwa mapema kuliko yule anayeonekana kila siku kama mshukiwa. Uharibifu ukitokea toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji, usiguse shamba mpaka litathminiwe, piga picha. Kwenda hifadhini hakukuondolei haki ya kudai.

Ya pili: "Utalii ni wa wazungu na wa matajiri." Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje. Gharama kubwa ni usafiri, na usafiri unagawanywa. Kikundi cha watu 12 wakiweka shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki, baada ya wiki 10 wana 240,000. Hiyo ni pesa ya kukaa chini na mwenye gari mkapatana. Nairobi kuna msitu wa Karura, ule ambao marehemu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999 usigawiwe kwa wajenzi. Zamani watu waliogopa kuukatiza. Leo watu wa kawaida wanalipa kiingilio kidogo, wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanakula chakula na watoto wao. Kilichobadilika ni kwamba wenyeji waliingia, na walipoingia kwa wingi, wezi wa miti na ardhi wakakosa pa kujificha.

Ya tatu: "Kupumzika ni uvivu." Hii inasemwa zaidi na wazee wetu, na kwa heshima zote, waitu, wao walipumzika. Walikuwa na msimu wa ngoma, wa harusi, wa kwenda kusalimia ndugu, na vyote vilikuwa kiangazi. Sisi ndio tumegeuza kilimo kuwa mbio za mwaka mzima, tukabakiza pombe kuwa mapumziko pekee. Mkulima wa biashara anayefanya kazi bila kuinua kichwa anafanya maamuzi mabaya: anauza butura kahawa ikiwa bado maua, ananunua dawa bila kusoma kibandiko, anagombana na vibarua wake.

Na hapo niseme kwa sauti: usiuze butura ili upate hela ya matembezi. Kama huna, subiri malipo ya mnada, nenda Agosti. Hifadhi haihami.

TANAPA na halmashauri nao wana kazi

Sitawasema vijana peke yao. Shirika la Hifadhi za Taifa lina mpango wake wa ujirani mwema, na ni mzuri ukifika chini. Ninachoomba ni vitu vinne. Viingilio na utaratibu wa malipo vibandikwe kwenye ofisi za vijiji na kata, kwa Kiswahili cha kueleweka, ili mtu asitoke Rubwera akafika langoni na kuambiwa arudi kutafuta namba ya malipo. Kila kiangazi kuwe na siku ya wenyeji, yenye gari la pamoja. Waongozaji wageni wafundishwe kutoka vijiji vinavyozunguka. Na chakula cha kambi na vituo kinunuliwe kwanza kwa vikundi vya hapa.

Halmashauri nazo, zinapopanga ziara za mafunzo za wakulima, si lazima kila mara tuende kuangalia shamba la mtu mkoa mwingine. Siku moja hifadhini na afisa ugani, mkiongea udongo, kivuli, maji na moto, ni ziara ya mafunzo kamili.

Ukiamua kwenda

Piga simu au fika ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla. Uliza viwango vya sasa, maana hubadilika, na uliza kama wana askari wa kuwaongoza kwa miguu. Kutembea bila askari hakuruhusiwi, na viboko si ng'ombe.

Beba kitambulisho chako cha taifa. Beba maji, chakula na sweta, asubuhi ni baridi. Vaa nguo ya rangi ya udongo. Bluu na nyeusi zinavuta mbung'o. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, tumia kikapu. Panga, upinde, mbwa na kiberiti viache nyumbani. Usiokote kitu, hata mbegu nzuri uliyoipenda. Mbegu za miti tutatafuta kwenye kitalu.

Ukiwa mle, andika mambo matatu: kitu kimoja ulichokiona kuhusu udongo au kivuli ambacho utakijaribu shambani, kitu kimoja ambacho hifadhi inanunua na wewe unaweza kuzalisha, na namba ya simu ya kutoa taarifa ya moto au wanyama waharibifu. Ukirudi na hayo matatu, safari imejilipa.

Septemba mvua zitaanza na mimi nitarudi kwenye nafasi za kupandia na mbolea kama kawaida. Kabla ya hapo, ongeeni kwenye vikundi vyenu, chagueni tarehe, mchague na mtu wa kubaki na kahawa. Huyo wa kubaki muahidini zamu yake mwezi unaofuata, asije akaona amebaguliwa.